Kupima siprofloksasini ndani ya bakteria sugu

Ndugu muulizaji,

Umeeleza kwamba bakteria wako sugu wa E. coli, waliowekwa kwenye siprofloksasini (dawa ya antibiotiki) iliyounganishwa na rangi inayong'aa, hawang'ai chini ya hadubini, nawe unauliza kama hilo linathibitisha kuwa dawa haiingii. Kwa maoni yangu, halithibitishi. Uzito wa molekuli ya siprofloksasini ni takriban dalton 331, nayo hupenya kwenye porini, yaani vitundu vya protini vya utando wa nje, ambavyo kwa kawaida huzuia molekuli zinazozidi takriban dalton 600. Ukiibandika rangi, huenda unapima safari ya rangi na si ya dawa. Heri uiache rangi hiyo, kwani dawa yenyewe hung'aa ikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, ilimradi uwe na kundi lisilotiwa dawa la kulinganisha, maana bakteria nao wana mng'ao wao.

Inawezekana pia dawa inaingia na kutupwa nje papo hapo na pampu ya bakteria iitwayo AcrAB-TolC. Gawa seli mafungu mawili, moja ulitie kemikali ya CCCP (vaa glavu, ni sumu), ambayo huondoa nguvu ya protoni inayoiendesha pampu: mng'ao ukipanda katika fungu hilo, mshukiwa wa kwanza ni pampu. Osha seli upesi kwa bafa baridi, kwa sababu dawa iliyonata nje huhesabiwa kana kwamba imeingia, kisha zipasue na uhakikishe kiasi kwa spektrometa ya masi, kifaa kinachotambua molekuli kwa uzito wake. Kagua vilevile jeni ya gyrA, inayounda sehemu ya kimeng'enya kinacholengwa na dawa hii, kwani ikiwa imebadilika, bakteria huweza kustahimili dawa iliyokwisha kuingia.