Taa ya mkurugenzi haiwaki

SWALI: Shikamoo fundi. Niko mapokezi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Posta, Dar es Salaam. Tumefungiwa simu mpya za Yealink, na vitufe vya pembeni mwa skrini vimeandikwa majina ya wakubwa. Nikibonyeza cha mkurugenzi, kwake inaita vizuri, ila taa haiwaki kamwe. Namrushia mteja kumbe anaongea na mtu mwingine, basi anakuja juu. Ofisi ya ghorofa ya chini wana simu kama zetu na taa zao zinawaka. Zetu ni mbovu?
Mpokea simu, Posta

JIBU: Marahaba, binti. Simu ni nzima. Aliyewafungia amekipanga kitufe hicho kama Speed Dial, yaani kinabeba namba na kuipiga, basi. Unachohitaji ni aina ya BLF (Busy Lamp Field, yaani kitufe chenye taa ya kuonyesha kama mtu anaongea). Hapo simu yako huiomba seva, yaani mtambo unaounganisha simu za ofisi, iijulishe kila hali ya ekstensheni ile (namba ya ndani ya mkurugenzi) inapobadilika, na taarifa hizo ndizo zinazoiwasha taa: kijani tuli, yuko huru, nyekundu inayopepesa, anapigiwa, nyekundu tuli, anaongea.

Simu ikiwa imetulia, bonyeza OK uone anwani ya IP. Iandike kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye mtandao huohuo, ingia kwa nywila ya msimamizi (kama hukupewa, mdai fundi wenu, ni haki ya ofisi), kisha fungua Dsskey, ukurasa wa kupanga vitufe. Kwenye kitufe cha mkurugenzi chagua BLF, na penye Value andika ekstensheni yake, tuseme 102. Hifadhi. Taa ikigoma bado, usihangaike tena na simu, tatizo liko kwenye seva. Asterisk, programu inayoendesha seva nyingi za simu, hutaka kila ekstensheni inayotazamwa iwe na mstari wa hint, yaani mpangilio unaoiruhusu seva kutoa hali yake. FreePBX, ambayo ni Asterisk yenye kurasa za kuipangia, huuweka yenyewe.

Mkitumia FreePBX, penye Extension ya kitufe hicho weka **102, nyota mbili zikiwa msimbo wa kupokea simu ya mwingine. Taa ikipepesa na mwenyewe hayupo, unabonyeza na kuipokea simu yake ukiwa hapohapo mapokezi.

Sasa hayo ya kumrushia wateja. Kwenye Features, upande wa Transfer, kuna kipengele cha Transfer Mode via Dsskey. Blind humtupa mteja kwa bosi bila hodi. Chagua Attended, umwambie kwanza nani anamtafuta na kwa mzigo upi, ndipo umwachie. Mapokezi mimi sipangi vingine, hata nikiombwa.

Na majina hayo yafute, andika vyeo: Uhasibu, Bandarini, Stoo. Nimeshakuta kitufe chenye jina la meneja aliyestaafu zamani, na wageni wa kazi wakimwuliza huyo mzee ni nani.

Kabla ya yote, mwambie mkurugenzi kwamba utakuwa unaona kila anapoongea na simu hiyo, na kwa muda gani. Wapo wakubwa wasiolipenda hilo. Akikataa, omba BLF ya katibu muhtasi wake, wateja wapitie huko.