Nywele zinatoka mashada mashada miezi mitatu baada ya upasuaji

SWALI: Hujambo daktari. Nina miaka 38 na ninaishi Umoja, Nairobi. Mwezi wa pili nilifanyiwa upasuaji wa kutoa faibroidi, yaani uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, baada ya kutokwa na damu nyingi kwa karibu mwaka mzima. Kidonda kikaingiwa na maambukizi, nikarudishwa wodini na homa kali. Nilipopata nafuu nilisukwa matuta ili nisihangaike na kichwa. Juzi nilipoyafumua, nywele zilitoka hadi nikalia. Kazini wananiuliza kama nina saratani. Je, ni dawa ya usingizi iliyoniharibu? Ninyoe? Dukani nimeambiwa ninunue vidonge vya biotini, vitamini ya nywele, na mdogo wangu anaolewa mwezi wa nane. Nitasuka kweli?

JIBU: Pole sana dada, kwa upasuaji, kwa homa, na kwa hili lililokupata ukidhani mambo yameisha. Kwa jinsi ulivyoeleza, karibu nina hakika nywele zako zitarudi. Sisi madaktari wa ngozi hali hii tunaiita telojeni efluviamu, na huja kwa ratiba inayotambulika.

Unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, kisha husimama, hupumzika kwa miezi kama 3, halafu huanguka na mwingine kuchipuka kwenye kitundu kile kile. Kwa kawaida karibu tisa kati ya kila kumi ziko kwenye kukua. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, kama vile upasuaji, kupoteza damu, homa kali, malaria kali au hata kujifungua, nywele nyingi husimama kwa pamoja. Huzioni zikisimama. Utaziona zinapoanguka, miezi miwili au mitatu baadaye, wakati wewe umeshapona na umerudi kazini. Kwa hiyo kinachoanguka leo ni matokeo ya mwezi wa pili na wa tatu. Dawa ya usingizi haikuunguza mizizi yako, na ni vigumu kuitenga na mengine yote yaliyokupata kwa wakati mmoja.

Chukua unywele mmoja uliotoka, uuweke juu ya kitambaa cheusi, uangalie ncha iliyokuwa kichwani. Ukiona kifundo kidogo cheupe, hicho si mzizi. Ni alama ya unywele uliomaliza zamu yake, na mzizi umebaki ndani ya ngozi.

Kuhusu ulichokiona ulipofumua, kuna jambo ambalo wenye nywele za kipilipili hatuelezwi vya kutosha. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku. Zikiwa kwenye matuta hazina pa kuangukia, zinabaki zimenaswa humo. Kaa na matuta wiki sita na siku ya kufumua utatoa zaidi ya nywele elfu mbili hata kama huna tatizo lolote. Wewe ulikuwa na tatizo juu ya hilo, ndiyo maana uliogopa. Lakini hali hii hupunguza nywele kichwa kizima, na ni nadra kumaliza hata nusu yake.

Kinachonishughulisha mimi zaidi ni ule mwaka wa kutokwa na damu. Mwanamke anayevuja damu muda mrefu humaliza akiba ya madini ya chuma, na akiba hiyo inaweza kuwa chini hata pale kiwango cha damu kinaposomeka sawa. Ikiwa chini, nywele zinaweza kuchelewa kurudi. Kwa hiyo usiridhike na kipimo cha wingi wa damu peke yake, omba pia kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, na cha thairoidi, tezi ya shingoni. Feritini nayo hupanda wakati mwili una maambukizi, basi hakikisha kidonda kimepona kabisa kwanza, la sivyo jibu litakudanganya. Akiba ikiwa ndogo utaandikiwa vidonge vya chuma. Usivianze kwa kubahatisha, chuma kikizidi kina madhara yake. Ukishaandikiwa, vimeze na chungwa, na usiviteremshe kwa chai. Chai yetu ya maziwa huzuia chuma kuingia mwilini, na vivyo hivyo inapofuata ndengu na managu papo hapo, kwa hiyo ipishe kama saa moja. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni vidonge. Maini, omena, mayai na maharagwe yasikose mezani, kwani unywele wenyewe ni protini.

Biotini sikushauri. Watu wachache mno wana upungufu wake, na ikimezwa kwa wingi huvuruga vipimo vya damu, hasa vya thairoidi. Kama umeshaianza, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

Kunyoa hakuharakishi wala hakunenepeshi chochote. Nyoa tu ikiwa kuona nywele sinkini kila asubuhi kunakuumiza, hiyo ni sababu ya kutosha. Osha kichwa kama kawaida, maana zitakazotoka kwa maji zilikuwa zinatoka tu. Weka kando dawa ya kulainisha na pasi ya moto.

Sasa harusi. Usisuke rasta wala kushonea weave, yaani nywele za bandia. Fundi mzuri yeyote pale Kenyatta Market atakubali kukusuka, na huo ndio wasiwasi wangu, kwa sababu mvuto wa rasta nzito kwenye nywele changa unaweza kuua mizizi ya mbele moja kwa moja, nayo ikifa hairudi. Style inayokulazimu umeze Panadol ndipo ulale imekubana mno. Vaa wigi isiyo ya gundi juu ya kofia laini, uivue usiku, au ufunge kilemba cha kitenge kinachoendana na sare ya harusi. Na wanaokuuliza kazini waambie, “Nilifanyiwa upasuaji, nywele zinarudi.” Huna deni la maelezo zaidi ya hapo.

Kumwagika huku kwa kawaida hupungua ndani ya miezi sita. Nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, na kwa kuwa hujikunja huonekana fupi kuliko zilivyo. Utaanza kuona vinywele vifupi kwenye paji la uso.

Usisubiri miezi sita ukiona mabaka ya duara yasiyo na nywele, magamba, usaha, maumivu au muwasho mkali, au utosi unaong'aa usio na vitundu. Angalia pia kisogoni, kwani kulala muda mrefu kwenye meza ya upasuaji huweza kuacha baka sehemu moja iliyobanwa. Ukiona lolote kati ya hayo, tafuta daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo, na uende na orodha ya dawa zote ulizopewa hospitalini, zikiwemo sindano za kuzuia damu kuganda, kwa sababu baadhi yake pia hupukutisha nywele.