Risasi ya masafa marefu kwa wanyama waharibifu: anza na upepo

Karibu kila anayeanza kulenga wanyama waharibifu kwa masafa marefu huuliza kwanza: risasi ipi ina kasi kuliko zote? Kasi ina kazi yake, sikatai. Lakini ukiitanguliza mbele ya mambo mengine, utanunua bunduki ambayo baada ya msimu mmoja utataka kuibadilisha. Mnyama mwenyewe ni sungura, au kindi wa ardhini anayetoboa malisho kwa mashimo, au mbweha anayevizia wana-kondoo. Hao wadogo wana eneo la kulengwa lenye upana wa sentimita 10 hivi, nao wako mita 250, 300, pengine 400. Kwa umbali huo, kinachokukosesha mara nyingi kuliko kingine chochote ni upepo. Ndiyo maana namwambia kila anayeanza: chagua kwanza kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka, kwa jinsi kinavyovumilia upepo, kisha mtutu unaoweza kukizungusha sawasawa, halafu ndipo uangalie jina la risasi lililogongwa kwenye kitako cha ganda la baruti.

Kabla ya hayo yote, kuwa mkweli kuhusu umbali wako. Bunduki inayokusanya matundu yake ndani ya sentimita 3 kwa mita 100 itayatawanya hadi sentimita 9 kwa mita 300, hata hewa ikiwa imetulia kabisa. Kwa mita 400 ni sentimita 12, na hapo mnyama ameshakuwa mdogo kuliko uwezo wa bunduki, bila kuhesabu mkono wako wala upepo. Anayetaka kupiga mita 400 anahitaji bunduki ya sentimita 2 au chini ya hapo kwa mita 100, na anahitaji kuwa amelithibitisha hilo kwenye karatasi siku za kawaida, kwa mkao atakaoutumia shambani. Umbali wako ni ule ambao unaipiga karatasi ya sentimita 10 karibu kila mara. Mnyama aliyejeruhiwa akaingia shimoni hutampata tena, na anakufa polepole. Mharibifu au la, hastahili kifo hicho.

Sasa tuje kwenye upepo. Wengi wanaoanza huogopa zaidi kushuka kwa risasi, na ndiyo sababu wanaipenda kasi: risasi ya kasi hupita njia iliyonyooka zaidi. Zamani, umbali ulipokadiriwa kwa macho, hofu hiyo ilikuwa na msingi. Siku hizi kipima umbali cha leza kinakupa mita kamili, na jedwali lako la kushuka kwa risasi linakuambia uzungushe darubini kiasi gani. Kushuka ni hesabu, na hesabu hiyo haibadiliki. Upepo unabaki kuwa makisio: unavuma hivi ulipo, vingine katikati ya bonde, na vingine kabisa alipo mnyama. Risasi inayosukumwa kidogo na upepo inakusamehe sehemu ya makosa ya kukisia, na msamaha huo ndio unaopaswa kuununua.

Kinachoamua kichwa kitasukumwa kiasi gani ni muda kinaoupoteza kwa kukinzwa na hewa. Chukua muda halisi wa safari, toa muda ambao kingetumia kama kasi yake isingepungua hata kidogo. Tofauti hiyo ukiizidisha kwa kasi ya upepo wa ubavuni, unapata kwa karibu sana umbali ambao kichwa kitahama pembeni. Kanuni hii ni ya miaka mingi na bado inatumika. Ukiielewa, utaona kwamba kuanza kwa kasi kubwa hakutoshi. Kichwa kinatakiwa kuitunza kasi yake. Uwezo wa kuitunza hupimwa kwa namba ya balistiki, ambayo watengenezaji huiandika kwenye boksi au kwenye majedwali yao. Kubwa ni bora. Kichwa kirefu, chembamba, chenye ncha kali na mkia uliopunguzwa kina namba kubwa. Kifupi na kinene kina ndogo.

Hebu tuangalie kwa tarakimu. Upepo ni wa kilomita 16 kwa saa, unakata njia moja kwa moja kutoka ubavuni, na mnyama yuko mita 400. Risasi ya .223 Remington (tarakimu ni upana wa kichwa kwa inchi, takriban) yenye kichwa cha kawaida cha greni 55 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), namba ya balistiki karibu 0.25, ikitoka mtutuni kwa mita 988 kwa sekunde, itahama sentimita 64 hivi. Kipe kichwa hichohicho kasi ya .22-250 Remington, takriban mita 1,120 kwa sekunde, na uhamaji unashuka hadi sentimita 54 hivi. Umeongeza baruti karibu nusu zaidi ili kuokoa sentimita 10. Sasa rudi kwenye ile mita 988 ya mwanzo, lakini safari hii kwa .243 Winchester yenye kichwa cha greni 87 na namba 0.4: utapata kama sentimita 37. Kasi ya kuanzia ni ileile, ila kichwa ni kingine kabisa.

Mfano unaowashangaza wengi zaidi ni huu. Ganda dogo la .223 likipewa kichwa kirefu cha mashindano ya kulenga shabaha cha greni 75, chenye namba karibu 0.4, hutoka polepole, kama mita 850 kwa sekunde. Kwa mita 400 huhama sentimita 47 hivi, pungufu ya .22-250 na kichwa chake cha greni 55, ingawa ilianza ikiwa nyuma kwa mita 270 kwa sekunde. Hapo ndipo naposimamia ninaposema kichwa kwanza.

Usinielewe vibaya, kichwa kizito nacho kina gharama zake. Vichwa vya risasi za waharibifu vimefunikwa kwa ganda jembamba la shaba (si lile la baruti) na mara nyingi vina ncha ya plastiki. Vimetengenezwa vipasuke mara vinapogusa, na hivyo mnyama hufa papo hapo. Vikigonga udongo huvunjika vipande vidogo, kwa hiyo hatari ya kuruka na kwenda usikokutarajia hupungua. Kichwa cha mashindano ni kigumu zaidi: kinaweza kumpita mnyama mdogo bila kufunguka vizuri, na kikigonga ardhi ngumu ni rahisi zaidi kwake kuruka. Kama kilichoko nyuma ya shabaha si kilima au ukuta wa udongo unaouona wote, usipige, kwa kichwa cha aina yoyote. Siku hizi vipo pia vichwa vya katikati, vyenye ganda jembamba na umbo refu. Kwa kazi hii ndivyo ninavyovipenda.

Kuhusu mtutu: mifereji ya ndani ndiyo inayokizungusha kichwa, na kiasi cha msokoto huandikwa kama 1:14, 1:12, 1:9, 1:8, yaani mzunguko mmoja kila inchi kadhaa. Kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyodai msokoto wa haraka. Angalia urefu zaidi kuliko uzito. Ncha ya plastiki huongeza urefu bila kuongeza uzito wa maana. Mitutu mingi ya zamani ya .22-250 ni 1:14, na hiyo huishia kwenye vichwa vya greni 55 hivi. Ukiipa greni 75, kichwa kitayumba hewani na kutoboa karatasi kwa ubavu. Upande wa pili, kichwa chepesi chenye ganda jembamba sana, kikitoka kwa kasi kubwa kwenye msokoto wa haraka, kinaweza kupasuka angani kabla hakijafika. Kwa mita 988 kwa sekunde kwenye mtutu wa 1:8, kichwa huzunguka karibu mara 290,000 kwa dakika.

Msokoto uliwahi kuamua hatima ya risasi nzima. Mwaka 1955 ziliingia sokoni Marekani risasi mbili za milimita 6: .243 Winchester na .244 Remington. Hii ya pili ilikuwa na ganda kubwa kidogo. Remington waliifikiria kama risasi ya waharibifu, wakaipa mtutu wa 1:12; Winchester waliweka 1:10, iliyoweza kubeba kichwa cha greni 100 cha kuwindia paa wakubwa. Wanunuzi walitaka bunduki moja kwa kazi zote mbili, wakaichukua .243. Mwaka 1963 Remington walibadilisha jina la risasi yao kuwa 6 mm Remington na kuongeza kasi ya msokoto, lakini soko lilikuwa limeshaamua. Kwa hiyo unapoulizia bunduki, uliza msokoto kabla ya kuuliza bei.

Basi uchukue ipi? Kwa anayeanza ninajibu bila kusitasita: .223 Remington, mtutu wa 1:8, mzito kiasi. Inatumia baruti kama greni 25 tu, risasi zake zinapatikana kuliko zote za aina hii, na mtutu wake unahimili maelfu kadhaa ya risasi kabla usahihi haujaanza kupungua. Utapiga sana, na kupiga sana ndiko kunakokufundisha kusoma upepo. Hakuna ganda litakalokufanyia kazi hiyo.

Kuna faida nyingine ambayo majedwali hayaionyeshi: bunduki hairudi nyuma kwa nguvu, kwa hiyo jicho lako linabaki kwenye darubini na unaona kichwa kilipoangukia. Ukikosa, vumbi linakuonyesha upepo umekupeleka wapi, na unajirekebisha. Mwenye .243 nyepesi mara nyingi anaipoteza picha kwa mshtuko, na anahitaji mwenzake wa kumwambia. Kwa mtu anayepiga peke yake, jambo hili ni zito kuliko sentimita kadhaa za upepo.

.204 Ruger, iliyotoka 2004, inaizidi hata .223 kwa utulivu huo. Kichwa chake cha milimita 5.2 chenye greni 32 kinapita mita 1,250 kwa sekunde, njia yake imenyooka sana, na mshtuko ni mdogo mno. Hadi mita 300 siku tulivu ni raha tupu. Ila vichwa vyake ni vyepesi na chaguo lake ni finyu. Ndogo kuliko hiyo, .17 HMR ya 2002, ni nzuri mpaka mita 150 hivi. Tusiiingize kwenye masafa marefu.

.22-250 ilitokana na ganda la .250 Savage, ikatengenezwa na mafundi binafsi kwa miaka mingi kabla Remington hawajaifanya ya kiwandani mwaka 1965. Ni risasi ninayoiheshimu sana, hasa kwa mbweha. Ukipata mtutu wa 1:9 au 1:8, inakuwa silaha nyingine kabisa. Lakini hiyo na .220 Swift ya 1935, iliyokuwa ya kwanza ya kiwandani kuvuka mita 1,220 kwa sekunde, hupitisha baruti nyingi kwenye tundu la milimita 5.7. Moto huo hula mwanzo wa mifereji, mbele tu ya chemba (sehemu ganda linapokaa), na usahihi unaweza kuanza kupungua baada ya risasi elfu moja na kitu au elfu mbili, kutegemea unavyopiga. Ukipiga mfululizo hadi mtutu usishikike, unaufupisha uhai wake kwa mkono wako. Joto hilo pia hupandisha mawimbi ya hewa mbele ya darubini, na shabaha inaanza kucheza machoni.

Za milimita 6, kama .243 na 6 mm Creedmoor, ni za kuhamia baadaye, ukishajua kwamba mnyama wako anakaa zaidi ya mita 400 na kwamba upepo wa kwenu hautulii. Uzito wa bunduki utasaidia kwenye mshtuko. Mtutu utauchakaza haraka kuliko wa .223, kwa hiyo panga hilo mapema.

Kabla hujalipa, thibitisha sheria ya mahali ulipo inaruhusu kaliba gani kwa mnyama gani, na kwamba vichwa unavyovitaka vinapatikana mwaka mzima. Kisha nunua boksi moja moja la aina tatu au nne tofauti, upige vikundi vya risasi tano kwa mita 100 ukiuacha mtutu upoe kati ya kundi na kundi. Kila mtutu una kichwa unachokipenda, hata miwili iliyotoka kiwanda kimoja. Ukishakipata, nunua cha kutosha chenye namba ileile ya toleo, kipime kwenye umbali halisi wa 200, 300 na 400, na uandike jedwali lako kutokana na matundu uliyoyaona mwenyewe. Pembeni ya kila kundi andika upepo uliokisia kabla ya kupiga, na upepo ambao matundu yanasema ulikuwepo.