Mausi haisomi kwenye kompyuta ya zamani: usikimbilie kupiga window

Mkuu, umesema Pentium 4 yako ya Windows XP imeamka leo haisomi mausi, mshale haupo kabisa, na fundi keshakwambia upige window upya, yaani ufute na kusakinisha Windows nyingine. Usimpe hela bado. Mimi nilishampa wangu.

Nilikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Kirumba, Mwanza, jirani na mwalo. Asubuhi moja kijana wangu anafagia, ufagio ukanasa waya wa mausi, ukachomoka. Akaurudishia kwa nguvu huku mashine inawaka. Kuanzia hapo, kimya. Nikanunua mausi ya USB, nikachomeka mbele: hata taa haikuwaka. Muuzaji akanipa ya pili na kile kiunganishi cha kijani cha kuigeuza iingie tundu la mviringo nyuma. Taa nyekundu ikawaka, nikashangilia, mshale haukutokea. Ndipo nikapiga window, na barua za wateja zikaenda nayo.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Mlango Mmoja anayetengeneza redio. Hakugusa kompyuta. Aliomba ile mausi ya kwanza, akamulika kichwa cha waya kwa tochi: kati ya pini 6, moja imelala kama unyasi uliokanyagwa. Akachukua mrija wa kalamu iliyokwisha wino, akaivisha ile pini, akainyanyua taratibu. Tukazima, tukachomeka, tukawasha. Mshale huo!

Na zile mpya mbili? Tundu la USB la mbele lilikuwa pambo tu. Tulipofungua kasha, waya wake unaning'inia haujafika kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, na chini kuna wale wadudu wa ziwani waliokauka, wa kujaa kikombe. Kile kiunganishi cha kijani nacho hakitafsiri kitu, kinabadilisha umbo la kichwa tu. Kinafanya kazi kwa mausi iliyotengenezwa kujua lugha zote mbili, ya USB na ya tundu la mviringo. Kwa hiyo taa kuwaka maana yake umeme umefika, si kwamba wanaelewana.

Sasa wewe: zima kabisa, ndipo uchomoe. Tundu hili la mviringo, liitwalo PS/2 (lilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987) halikukusudiwa kuchomekwa mashine ikiwa hai, na mausi hutambuliwa pale kompyuta inapowaka. Chungulia pini. Hakikisha imeingia la kijani, maana la zambarau ni la kibodi na vichwa vinafanana. Kama kibodi ya PS/2 nayo imekufa siku hiyohiyo, shuku fyuzi ndogo karibu na matundu hayo. Hapo ni kazi ya fundi wa elektroniki wa kuchomelea kwa risasi, usihangaike na programu.

Kama ni ya USB, jaribu matundu ya nyuma kwanza.

Bado? Washa huku unabonyeza Delete au F2 uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka, uone kama tundu la mausi halijazimwa. Ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, Enter, orodha ya vifaa ifunguke. Tembea kwa Tab na mishale ya kibodi hadi kwenye mausi, ifute kwa Delete, kisha zima na uwashe. Windows itaitafuta upya yenyewe. Na ukiwa na kazi ya mteja mkononi, shika Alt na Shift za kushoto, gonga Num Lock, kubali kwa Enter: namba za pembeni zitasukuma mshale. Ni pole kama mtumbwi usio na tanga, lakini barua itatoka.

Jibu kwanza hili: mausi yako ni ya mviringo au USB, na taa ya chini inawaka? Yangu ingali inachapa, ila pale nyuma nimezungushia plasta, juu yake nimeandika kwa kalamu nene USICHOMOE.