Kichujio kinatolewa lini jua linapopatwa kikamilifu?

Umeuliza kama kichujio cha jua kibaki kwenye lenzi muda wote. Hapana. Kibaki maadamu kipande chochote cha jua, hata chembamba kama ukucha, bado kinaonekana. Bila hicho utaunguza kamera na macho. Jua likishafunikwa lote, kitoe mara moja, la sivyo picha zitatoka nyeusi tii, maana mwanga wa korona, yaani utando wa nje wa jua unaoonekana wakati huo, ni kama wa mwezi mpevu tu. Korona inang'aa karibu na ukingo na kufifia kadiri inavyokwenda nje, kwa hiyo piga mfululizo kuanzia 1/1000 ya sekunde hadi sekunde 1 nzima. Kamera iwe kwenye tripodi, fokasi uiweke kwa mkono mapema na kuibana kwa utepe.

Tarehe 2 Agosti 2027, pale Luxor nchini Misri, jua litapatwa kikamilifu na giza litadumu zaidi ya dakika 6. Mara nyingi huwa 2 au 3. Nakusihi, iache kamera ijipigie yenyewe, wewe inua macho. Dakika hizo za giza unatazama bila miwani ya kutazamia jua. Nuru ya kwanza ikichomoza pembeni kama kito cha pete, rudisha miwani machoni na kichujio kwenye lenzi papo hapo.