Siku ya tano ya methadone na bado ana arosto: asiache

Dada, umesema mdogo wako ana siku ya tano anakunywa methadone, dawa ya kumtoa kwenye unga (heroini), pale kliniki ya Itega, Dodoma, na usiku arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, inamkamata: jasho, miayo, mifupa inauma. Sasa nyumbani mnaona dawa haimfai. Inamfaa, ila bado haijamtosha.

Mimi nimevuta unga miaka tisa, Dar mpaka nikarudi huku Chang'ombe ya Dodoma. Siku ya kwanza nilipewa kadozi kadogo nikacheka. Kumbe wana sababu. Methadone haitoki mwilini upesi, ya leo inakuta ya jana bado ipo. Ndiyo maana wanaanza na miligramu 30 au chini ya hapo, halafu wanapandisha taratibu. Wakimjaza mara moja anaweza kulala asiamke. Wiki hizi mbili za mwanzo ndizo za kuogopa, hasa akiongezea kete ya unga, pombe au vidonge vya usingizi ili "apate usingizi". Nimemzika mtu wa maskani yetu namna hiyo, kwa hiyo chonde chonde. Kesho, kabla hajanywa, amwambie muuguzi arosto inaanza saa ngapi. Wataalamu wanapanga dozi kwa maelezo kama hayo, siyo kwa "najisikia vibaya".

Halafu, anakohoa? Mimi mwaka wa pili nilikutwa na TB. Nimeanza vidonge vyake, wiki mbili hazijaisha arosto hii hapa tena. Nikamgombeza mtoa dawa mbele ya foleni nzima, eti wametia maji. Kumbe ni rifampisini, dawa mojawapo ya TB, inafanya ini liivunje methadone haraka. Wakanipandishia dozi, nikanyamaza kwa aibu. Nilipomaliza TB wakaishusha, na hilo nalo msilisahau. Baadhi ya dawa za VVU zina tabia hiyohiyo, kwa hiyo asifiche anachotumia.

Baba yenu anasema kijana amebadilisha ulevi tu. Mwambie hivi: kete niliitafuta mara nne kwa siku, na kila mara kuna kitu cha mtu kilipotea. Kikombe cha methadone nakunywa mara moja kwa siku, saa tatu niko shamba la zabibu napogoa. Choo kigumu kipo, sikatai. Maji na mapapai.

Na asikose siku tatu mfululizo, maana mwili unaizoea hali ya bila dawa na dozi itabidi ishushwe. Msiba ukitokea mbali, aage kituoni kwanza ndipo apande basi.