Uko kwenye matibabu ya saratani na fegi hujaacha? Majibu ya maswali yenu

Maswali yamekuja mengi na mengi yanafanana, nimechukua machache, majina nimeyatoa. Mimi ni nesi wa kliniki ya saratani, mambo ya dozi yako mwenyewe bado kaongee na daktari wako.

Shikamoo sista. Mzee wangu ana saratani ya koo, keshaanza mionzi na bado anavuta. Bro anasema mwacheni, ugonjwa ushaingia, akiacha sasa hivi atapata faida gani?

Marahaba mdogo wangu. Hilo la "ushaingia" nalisikia kila wiki, na kinachoniudhi kuna wakati linatoka kwetu sisi watu wa hospitali. Iko hivi, mionzi inafanya kazi vizuri pale uvimbe unapopata oksijeni ya kutosha, sasa moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, hiyo inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, kwa hiyo mzee akivuta fegi zake mbili pale nje kabla hajaitwa mashineni anaipunguzia nguvu dozi ambayo nyie mmeuza ng'ombe kuilipia. Hapo bado sijagusa vidonda vya mdomoni, mate kukauka, mpaka kumeza uji inakuwa shughuli. Akija kupasuliwa, kidonda kinachelewa kufunga. Ila hiyo kaboni monoksaidi inatoka mwilini ndani ya siku moja mbili tu akiacha, kwa hiyo hata akiacha katikati ya mionzi siyo bure. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya 2014 ilisema kabisa kwamba mgonjwa wa saratani anayeendelea kuvuta anajiongezea hatari ya kufa na ya kupata saratani nyingine mpya. Mwambie bro, ila mzee msimsimange, akisimangwa ataenda kuvutia chooni.

Nimejaribu kuacha mara kibao, arosto inanishinda. Daktari ananiambia tu "kuwa na nia". Dawa hakuna?

Zipo! Nia unayo, ndo maana umejaribu mara kibao. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2024 limetaja plasta na bigijii za nikotini, na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini, na linasema dawa iende pamoja na ushauri. Nikotini za tiba ziko kwenye orodha yao ya dawa muhimu tangu 2009. Shida ya kwetu ni kuzipata, unaandikiwa halafu unazunguka famasi mpaka miguu inauma, kwa hiyo ulizia mapema.

Plasta unabandika asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kila siku sehemu tofauti, na KAMWE usibandike pale panapopigwa mionzi. Anayevuta zaidi ya fegi 10 kwa siku kwa kawaida huanza na ya miligramu 21, halafu anashuka 14, halafu 7. Kama mdomo umejaa vidonda bigijii achana nayo, itakuwasha bure. Vareniklini inatolewa na figo, sasa kama unapewa sisplatini, dawa ya saratani ambayo nayo inazisumbua figo, lazima daktari aangalie vipimo kwanza.

Halafu kahawa. Moshi unafanya ini livunje kafeini haraka, ukiacha kuvuta kafeini inakaa muda mrefu mwilini, sasa wewe na vikombe vyako vinne vya kijiweni moyo utaenda mbio, usiku macho makavu, utasema ni arosto kumbe kahawa. Punguza nusu.

Plasta si nikotini ileile? Haitaniongezea saratani?

Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini saratani inaletwa hasa na kemikali zingine za kwenye moshi na kwenye tumbaku yenyewe. Kwenye plasta hizo hazipo. Kati ya plasta na fegi hapo hata sifikirii mara mbili.

Mama anatumia tamoksifeni (saratani ya ziwa), kuna mtu kamshauri bupropioni aache ugoro. Sawa?

Hapana, asianze kabla hajaongea na daktari wake. Bupropioni inazuia kimeng'enya kinachoigeuza tamoksifeni kuwa dawa kali mwilini, kwa hiyo anaweza kumeza vidonge kila siku na faida ikapungua. Pia aliye na uvimbe kichwani au aliyewahi kupata degedege asiiguse.

Mimi sivuti sigara, ni kuberi na shisha wikendi tu. Hainihusu, eti?

Inakuhusu sana. Kuberi inakaa palepale kwenye fizi na shavu, na tumbaku ya kutafuna inaleta saratani ya mdomo. Shisha maji hayachuji kitu cha maana, na mkaa wake unatoa kaboni monoksaidi ileile niliyoisema kwa mzee.

Mimi ni nesi kama wewe, wagonjwa 60 kwa siku, tunauliza "unavuta?" tunaandika kwenye faili basi. Nitoe wapi muda?

Pole mwenzangu, najua. Dakika tatu zinatosha kuanzia. Usiulize tu unavuta, uliza "umetumia tumbaku yoyote ndani ya siku 30?", maana wengi wameacha juzi walipopewa majibu na hao ndo wanaorudi haraka. Usisubiri aseme yuko tayari, mpe dawa ya kuacha kama unavyompa ya kichefuchefu, asiyeitaka atakataa mwenyewe. Tarehe ya kuacha iandike mbele ya faili, zamu nyingine waione wamuulize.

Naogopa kusema ukweli, daktari atanigombeza.

Sema tu. Mtu wa usingizi anahitaji kujua kabla hujapasuliwa, na kuna dawa za saratani, mfano erlotinibu, ambazo mwili wa mvutaji unazivunja haraka mno. Ukigombezwa, omba uonane na nesi au mshauri nasaha wa hapohapo, na ukiteleza ukavuta moja wikendi liseme na hilo, dozi ya plasta inaweza kuwa ni ndogo.